Muulize Fundi: Mikono Iliyomimina Shaba ya Benin

Makala yangu ya toleo lililopita kuhusu ufalme wa Benin imeniletea barua nyingi. Nimechagua nne. Mimi si mwanahistoria, ni fundi wa kumimina shaba, kwa hiyo msishangae nikiwajibu kifundi.

Shikamoo Fundi. Kwenye ramani nchi ya Benin iko kati ya Togo na Nigeria, lakini wewe umeandika kwamba ufalme wa Benin uko Nigeria. Hujachanganya? (Mwanafunzi wa kidato cha pili)

Marahaba, mwanangu. Sijachanganya. Nchi unayoiona ramanini iliitwa Dahomey mpaka 1975, ndipo ikachukua jina la Benin. Ufalme ni wa Waedo, na makao yake ni Benin City, Jimbo la Edo, kusini mwa Nigeria. Mfalme wao huitwa Oba, na hadi leo yupo: Ewuare II, aliyetawazwa 2016. Wenyewe wanahesabu ukoo wake kuanzia Oba Eweka wa Kwanza.

Fundi, nafundisha historia. Walimu wenzangu wawili wanashikilia kwamba Waedo walifundishwa na Wareno kumimina shaba. Niwajibu nini? (Mwalimu wa sekondari)

Mwalimu, waambie waanze na tarehe. Wareno walifika Benin miaka ya 1480. Igbo-Ukwu, ambayo nayo iko kusini mwa Nigeria, watu walikuwa wakimimina vyombo vya shaba vyenye nakshi laini ajabu karne kama tano kabla ya hapo. Ife, mji wa Wayoruba, nayo ilikuwa na vichwa vyake vya shaba kabla Mreno hajaiona pwani hiyo. Na mapokeo ya Waedo yenyewe yanasema Oba Oguola ndiye aliyeomba fundi kutoka Ife, akapelekewa bwana mmoja aitwaye Igueghae. Mreno hamo.

Kisha wapeleke kwenye kazi yenyewe. Unaanza na kiini cha udongo, unakiacha kikauke. Juu yake unatandaza nta, na hapo ndipo sanaa yote ilipo: macho, midomo, kila ushanga wa shingoni unaufinyanga kwa nta. Unaongeza vijiti vya nta viwe njia za shaba kuingia na hewa kutoka. Unapaka udongo mwororo kama uji, tena na tena, halafu udongo mzito juu. Unapasha moto, nta inayeyuka na kutoka, pale ilipokuwa panabaki uwazi. Uwazi huo ndio unaomiminia shaba. Ikipoa, unavunja kalibu, yaani ule udongo wa nje. Kalibu moja, kichwa kimoja, basi, hakuna kurudia.

Vichwa vya zamani vya Benin vina unene wa milimita chache tu. Anayefanya kazi hii anajua maana yake. Ukuta ukiwa mwembamba hivyo, shaba inapoa kabla haijafika mbali, na ukivunja kalibu unakuta sikio nusu. Wale walifikisha shaba kila kona ya kichwa kizima, kwa moto wa mkaa na mivukuto. Mwaustria Felix von Luschan, mtaalamu wa makumbusho ya Berlin, alizikagua kazi hizi akaandika kwamba hata Cellini, yule bingwa wa Italia, asingeweza kumimina vizuri zaidi. Mimi sikuhitaji Cellini anithibitishie, ila huenda wenzako wakamhitaji.

Wareno walileta kitu kingine, nacho ni malighafi. Walilipa kwa manila, yaani vikuku vizito vya shaba vyenye umbo la kwato, wakapewa pilipili, pembe za ndovu na watumwa. Utafiti wa madini uliotolewa 2023 umeonyesha kwamba shaba ya manila hizo, na ya kazi nyingi za Benin, ilitoka eneo la mto Rhine, Ujerumani. Shaba ilipozidi, mafundi wakajiachia: karne ya 16 na ya 17 wakatengeneza mabamba kwa mamia, yakapigiliwa kwenye nguzo za kasri. Usiangalie picha ya mbele tu. Angalia pembeni uone matundu ya misumari. Bamba lilikuwa na nguzo yake na majirani zake, Oba huyu na vita ile. Leo mengi yametawanyika kama kurasa za kitabu kilichochanwa, na mpangilio wake umepotea.

Yule mwanamke wa pembe ya ndovu uliyemtaja ni nani, na kwa nini ana watu wadogo kichwani? (Mama msomaji)

Bibie, huyo ni Idia, mama yake Oba Esigie aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 16. Alimsaidia mwanawe katika vita dhidi ya Waigala, kwa ushauri na kwa dawa, na Esigie akamtungia cheo cha Iyoba, mama wa mfalme, akampa na kasri lake Uselu. Zimesalia sura zake mbili za kuchongwa kwa pembe zinazofanana sana. Moja iko British Museum jijini London, nyingine Metropolitan Museum jijini New York.

Wale watu wadogo wenye ndevu na nywele ndefu ni Wareno. Kwenye sura ya New York wanapishana na kambare. Kambare huishi majini na huvumilia matopeni, kama Oba anayegusa dunia mbili. Wareno nao walitoka baharini, kwa Olokun, mungu wa bahari mwenye utajiri. Kwenye paji la uso utaona vipande viwili vya chuma vilivyopachikwa wima. Kupachika chuma kwenye pembe bila kuipasua si kazi ya kubahatisha.

Mwaka 1977 Nigeria iliifanya sura ya London kuwa nembo ya FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, Lagos. Ikaomba kuiazima tu. Ikanyimwa.

Je, vitu vyenyewe vimerudishwa? Na mtu wa kawaida anaweza kununua? (Msomaji, kwa ujumbe wa simu)

Vimerudi baadhi. Vilitoka 1897. Balozi mdogo wa muda wa Uingereza, James Phillips, alikuwa ameiandikia London Novemba 1896 aruhusiwe kumng'oa Oba Ovonramwen, akaongeza kwamba pembe za ndovu zitakazokutwa kwa mfalme zingelipia gharama. Januari akaenda bila kungoja ruhusa, wakati Oba yuko katika ibada na ametuma neno asije. Msafara ukashambuliwa, akauawa. Februari jeshi la Uingereza likauteka mji, kasri likaungua, maelfu ya vitu yakabebwa, na Oba akahamishiwa Calabar alikofia 1914. Mkisoma kwamba chanzo kilikuwa kisasi tu, kumbukeni ile barua ya Novemba.

Chuo cha Jesus, Cambridge, na Chuo Kikuu cha Aberdeen vilirudisha 2021, kimoja jogoo wa shaba, kingine kichwa cha Oba. Mwaka 2022 Ujerumani ilikabidhi umiliki wa vitu zaidi ya 1,000, na Desemba ikapeleka 20 hivi Abuja. Uholanzi ikarudisha 119 mwaka 2025. British Museum inashikilia takriban 900 na kujikinga kwa sheria ya 1963 inayoizuia kutoa vitu vyake. Sheria hutungwa na bunge, na bunge hilohilo linaweza kuibadilisha. Mimi hoja hiyo hainiingii. Kwa upande wa Nigeria, agizo la rais la 2023 lilimtambua Oba kuwa mwenye mali.

Kununua? Zamani chama cha mafundi, Igun Eronmwon, kilimfanyia kazi Oba. Leo mafundi wa mtaa wa Igun, Benin City, wanauza kwa yeyote. Nunua kwao, kazi mpya, bila aibu. Akija mtu na kichwa cha "karne ya 16" kwa bei ya kutupa, geuza uangalie ndani na kwenye mikunjo. Kutu ya kijani iliyopakwa kwa tindikali hukaa juujuu na mara nyingi hutoka kwa kucha.