Gemu ya saa 48, viti vya magurudumu na skrini nyeusi

Wikendi ya kwanza tulikuwa watatu sebuleni kwangu. Tulikuwa tumeahidi kutengeneza gemu ndani ya saa 48. Mtu alipe anachoweza, na fedha zote zikanunue viti vya magurudumu kwa watoto. Jumapili alasiri tukaipandisha mtandaoni. Haikupita muda dada mmoja akaandika: “Nimeshalipa, lakini naona giza tupu.” Wa pili akasema hivyohivyo, na wa tatu.

Nilikuwa nimeielekeza gemu ikachukue picha kwenye folda ya kompyuta yangu mwenyewe. Kwangu ilicheza vizuri. Kwa wengine haikukuta kitu. Kurekebisha kulichukua dakika tano. Kugundua kulichukua saa tatu, maana hakuna aliyekuwa amelala tangu Ijumaa, na wachangiaji wengi walikuwa wameshaondoka. Iliniuma sana, kwa sababu kila aliyeondoka alikuwa amekuja kwa ajili ya wale watoto.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu jambo hili, nakuomba: kufikia nusu ya muda wako, gemu iwe inafunguka kwenye kifaa cha mtu mwingine, hata kama ndani yake kuna mraba mmoja tu unaoruka. Mapambo yatafuata. Na mlale kwa zamu.

Lipo na la pili, ambalo nilijifunza kwa Mojang, kampuni ya Stockholm, Uswidi, iliyotengeneza gemu ya Minecraft. Februari 2012 walijipa saa 60 kutengeneza gemu mpya kwa ajili ya hisani. Watu walipiga kura kuchagua iwe ya namna gani, na kura zikaleta mchanganyiko mgumu: kupiga risasi, kupanga mikakati, Misri ya kale na mitambo ya mvuke, vyote pamoja. Ndipo ikazaliwa Catacomb Snatch. Kazi yote ilionyeshwa mubashara, na kila mtu alilipa kiasi alichotaka. Zilipatikana zaidi ya dola 440,000, zikaenda kwa mashirika ya hisani kama charity: water, linalopeleka maji safi, na Child's Play, linalowapa watoto waliolazwa hospitalini vichezeo na gemu.

Angalia hapo: watu walitoa fedha gemu ikiwa bado haijakamilika. Waliona wahusika wakichorwa, wakaona hitilafu zikitokea na kutatuliwa, na lile wazo lilikuwa la kura zao. Sisi tulijifungia siku mbili, tukatoka na kiungo cha kupakua tukitarajia wageni watufurahie. Mara ya pili tuliwasha kamera tangu Ijumaa usiku na kuwaachia watazamaji wachague mhusika. Wakamchagua mbuzi. Michango ikaanza kuingia kabla mbuzi hajapata miguu ya nyuma.

Kijana wa jirani ndiye aliyetujaribia, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kidole gumba chake kiliufunika mlango ambao mbuzi alipaswa kuingia, naye akabaki kutuuliza aende wapi. Tukauhamishia mlango juu ya skrini. Sisi wenyewe tusingeuona mushkeli ule hata kwa wiki nzima, maana tulikuwa tunaujua mlango ulipo.

Kuhusu fedha, andika kabla ya kuanza zinakwenda wapi, nani anazishika na makato ya kutuma ni kiasi gani. Viti vilipofika tuliipiga picha risiti, tukaiweka juu kabisa kwenye ukurasa wa gemu, kabla hata ya kitufe cha kucheza.