Paka wa jirani wanafukua matuta yangu, nifanyeje?

Barua nyingi za bustani tulizopokea safari hii zimetoka Mtwara na Lindi, na kero ni moja: paka. Tumechagua tano zinazogusa mambo tofauti.

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Nina matuta matatu ya mchicha na kitalu kidogo cha nyanya uani kwangu. Kila nikisia mbegu, asubuhi nakuta pamefukuliwa na pana kinyesi. Nimeweka maganda ya ndimu, nimepanga chupa za maji kama nilivyoelekezwa, wapi! Sitaki kuwadhuru, maana ndio wanaotumalizia panya. Nisaidieni.
*Mama wa Chuno, Mtwara*

JIBU: Mama, kwanza hakikisha ni paka kweli. Kuku hupekua mchana, na udongo wake husambaa ovyo bila kilima. Panya huacha kishimo chembamba na maganda ya mbegu pembeni. Paka hufukua shimo moja la sentimita 5 hadi 8, kisha huukokota udongo kutoka pande zote ili afukie. Utakuta kilima kidogo chenye mistari ya kucha inayoelekea katikati. Kichokonoe kwa kijiti: kama kuna kinyesi chini, umempata. Na mbegu zako hazijaliwa. Zimezikwa. Mbegu ya mchicha ni ndogo mno. Hutakiwa kufunikwa kwa nusu sentimita tu ya udongo, na ikishafukiwa chini sana haina nguvu ya kutoka. Ndiyo maana unaona mabaka matupu na pembeni yake miche imesongamana.

Anachotafuta paka ni choo, na tuta lililosiwa jana linamfaa kuliko sehemu yoyote uani: kichanga cha pwani, kimelainishwa kwa reki, kikavu juu, hakina mmea. Maganda ya ndimu hunukia siku moja au mbili za jua, halafu basi, na udongo unabaki laini vilevile. Chupa za maji hazimhusu kabisa. Kwa hiyo usihangaike kumtisha. Mnyime nafasi ya kuchimba. Paka lazima apate sehemu iliyo wazi ya kuchuchumaa, kuparua na kugeuka. Ukiikata sehemu hiyo vipande vya chini ya sentimita 10, ataenda kwingine.

Kwa Mtwara njia ya bei ndogo ni pongoo za mnazi, yaani ile miti ya katikati ya makuti. Chukua zilizokauka, zipasue kwa panga upate fito nyembamba za upana wa vidole viwili. Sia mbegu, mwagilia, kisha zilaze fito juu ya tuta kwa upana wake, moja kila sentimita 8. Juu yake laza nyingine kwa urefu wa tuta kwa nafasi hiyohiyo, upate kama dirisha la nondo. Funga kamba kwenye makutano ya pembeni na upigilie vigingi kwenye kona. Hapo ndipo wengi wanapokosea: fito zisizofungwa paka huzisukuma kwa mguu mmoja, na asubuhi unaona kama njia imefeli. Kosa la pili ni kufunika tuta na kuacha kingo zake na vijia vikiwa laini. Paka atahamia hapo, na akifukua kingo, tuta litamomonyoka. Vikanyage vijia mpaka vishindike. Tatu, mchwa. Pongoo kavu zikilala kwenye udongo wenye unyevu huvamiwa upesi, kwa hiyo zinyanyue na kuzikung'uta mara moja kwa wiki.

Ukiwa na fedha, nunua wavu wa waya wa kufugia kuku, uutandaze tambarare na kuubana kwa mawe. Matundu ya sentimita 2.5 au 5 yote yanafaa. Ila uutoe miche ikiwa na urefu wa sentimita 5 hivi. Ukichelewa, majani yatapita kwenye matundu na kupanuka juu yake, na siku ya kuutoa utang'oa nusu ya mchicha wako.

Ulinzi huu si wa msimu mzima. Mchicha ukishakutanisha majani na udongo ukafichika, wiki ya tatu hivi, paka hana tena cha kumvutia pale. Fito hizo zihamishie kwenye tuta jingine unalosia. Nyanya ndizo zenye kazi zaidi, kwa sababu baada ya kuhamisha miche nafasi kati ya shina na shina hubaki wazi kwa wiki nyingi. Zungushia kila mche chelewa (njiti za ufagio wa mnazi) 8 hadi 10, sentimita 10 kutoka kwenye shina. Ncha nene izame sentimita 7 ardhini, nyembamba itokeze kama sentimita 20 juu. Ncha nene ikikaa juu inaweza kumchoma jicho mtoto anayeinama kuchuma, na hata wewe mwenyewe.

Kabla ya yote hayo, toa kinyesi chote cha zamani pamoja na udongo unaokizunguka, kwa sababu paka hurudi penye harufu yake. Kumwagilia jioni nako kunasaidia kidogo, kwani hapendi udongo uliolowa. Lakini usitegemee hilo peke yake miezi ya kusi: upepo ule hukausha kichanga kabla hakujakucha.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi humwagia bustani maji ya kuoshea samaki, na matumbo ya dagaa nafukia kwenye mashina ya bamia. Mboga zinastawi, lakini paka hawakauki hapa. Je, niache?
*Mzee wa Kilwa Masoko*

JIBU: Waalaykumu salaam, na shikamoo mzee wetu. Mbolea hiyo ni nzuri, ila kwa namna unavyoitumia unawaita mwenyewe. Maji ya kuoshea samaki yaache. Kama samaki ameoshwa kwa maji ya bahari, chumvi yake nayo itakuunguzia mashina polepole. Matumbo na vichwa vifukie kwenye shimo la sentimita 40, si kwenye shina bali katikati ya mistari, rudishia udongo, ushindilie kwa mguu na kuweka jiwe bapa juu. Sentimita 15 hazitoshi. Paka na mbwa hufikia. Panda juu ya shimo hilo baada ya wiki tatu au nne, maana samaki anayeoza huunguza mizizi michanga.

SWALI: Huku Tandahimba tuna maganda ya korosho mengi. Kuna anayesema niyatandaze kwenye matuta, mwingine anasema pilipili ya unga, mwingine vidonge vya nondo (vile vya kufukuza wadudu kwenye nguo), na mwingine oili chafu. Kipi kinafaa?
*Kijana mkulima*

JIBU: Hakuna hata kimoja kati ya hivyo tunachokushauri, kaka, na sababu zinatofautiana.

Ganda la korosho mbichi lina mafuta makali, yaleyale yanayobabua mikono ya wabanguaji. Ukiyatandaza kwenye mchicha unaochumwa kwa mkono, watakaoungua ni watu wa nyumbani kwako. Hata yaliyochomwa hubaki na mafuta. Pilipili ya unga hunata kwenye nyayo. Paka akijilamba inaingia mdomoni na machoni. Ni mateso, na manyunyu yakipita inaisha nguvu ukaanze upya. Vidonge vya nondo ni sumu kwa paka, kwa kuku, na kwa mtoto anayedhani ni peremende, na dawa yake inaingia kwenye udongo wa chakula chako. Oili chafu huua udongo wenyewe.

Umetaja korosho, basi tumia kilicho salama zaidi kutoka kwenye mti wa jirani yake: makumbi ya nazi. Yakate vipande vya ukubwa wa kiganja, uyapange yakigusana kuzunguka mashina, upande wa nyuzi chini ili ushike unyevu. Ni magumu kuparua. Nyasi laini kavu usitumie kama shida yako ni paka, kwani atazifanya kitanda.

Sumu ya panya ndiyo hatukutarajia kuisikia, lakini wasomaji wawili wameiulizia. Usiitege kwa ajili ya paka. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na sumu haichagui: kuku wa jirani atakula, mtoto atashika. Halafu paka wakiisha, panya watahamia kwenye magunia ya mbaazi.

SWALI: Nina mimba ya miezi minne. Nimekuta kinyesi cha paka katikati ya mchicha ambao tumeshaula mara mbili. Mama mkwe anasema hakina shida, nioshe tu. Nina wasiwasi.
*Dada wa Mtanda, Lindi*

JIBU: Pole dada, na umefanya vizuri kuuliza. Mchicha uliopikwa ukaiva hauna tatizo, kwa sababu joto la kupikia huua vimelea hivi. Hatari iko kwenye mikono yenye udongo na kwenye vinavyoliwa vibichi: nyanya za kachumbari, matango, giligilani.

Paka anaweza kubeba kimelea kiitwacho toksoplazma. Si kila paka, na aliyeambukizwa hukitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, kwa kawaida anapoambukizwa kwa mara ya kwanza. Mwanamke anayekipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, na kikamdhuru macho au ubongo. Kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Kimelea huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kikiondolewa siku hiyohiyo, hatari nyingi inaondoka nacho. Kikiachwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, kimelea huweza kuishi zaidi ya mwaka, hata kinyesi chenyewe kikiwa hakionekani tena. Maji ya klorini hayakiui. Kinachosaidia ni kusugua mboga kwa maji mengi safi yanayotiririka, kumenya inayomenyeka, na kupika.

Kwa miezi iliyobaki, kazi ya udongo aifanye mwingine. Ikikubidi, vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni mpaka chini ya kucha. Anayeondoa kinyesi atumie koleo, achote na udongo wa sentimita 5 kuzunguka, aufukie kwenye shimo la nusu mita mbali na kisima. Mashina yaliyoguswa na kinyesi yang'olewe na kufukiwa nacho. Kisitiwe kwenye lundo la mboji hata kidogo, maana mboji ya nyumbani haipati joto la kutosha. Na siku ya kliniki mweleze mkunga jambo hili bila kuona haya.

Watoto nao wavae ndala bustanini. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na minyoo ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu na kuacha mstari mwekundu unaowasha na kutambaa. Kifusi cha mchanga wa ujenzi kilichoachwa wazi mbele ya nyumba ni choo cha paka na kiwanja cha watoto kwa wakati mmoja. Kifunikeni kwa turubai.

SWALI: Jirani yangu ana paka sita na wanaruka ukuta wa futi tano kama hawauoni. Niongeze ukuta? Au nifunike bustani kwa wavu chakavu wa samaki? Huku kwetu haukosekani.
*Kaka wa Mikindani*

JIBU: Ukuta usiongeze. Futi tano paka huruka, na kwenye ukuta wenye mawe ya kukwaruza hupanda hata ulio mrefu zaidi. Fedha hiyo iache.

Wavu unafaa kwa sharti moja, ukazwe. Wavu wa nailoni uliolegea hunasa miguu na shingo: paka, ndege, kenge, hata nyoka ambaye utakutana naye ukiinama kupalilia. Simamisha vigingi vya urefu wa sentimita 40 kila baada ya mita moja, unganisha juu kwa fito, uvute wavu mpaka ukiugonga kwa kidole unarudi. Macho yasizidi sentimita 5. Kingo zibane kwa kigingi kila sentimita 30, na uukague kila asubuhi. Kwa matango na maboga usibadilishe wavu huo kwa chandarua, kwani nyuki hawatapita na maua yatapukutika bila tunda.

Kwa paka sita, wavu peke yake utahamishia kero kwenye ua wa mwingine. Wape choo. Upande wanaoingilia, mita 5 au zaidi kutoka kwenye matuta na mbali na kisima, chimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina sentimita 20, ujaze mchanga mlaini mkavu. Liezeke kwa kuti juu, la sivyo mvua za Desemba hadi Aprili zitaulowesha na watarudi kwenye mboga. Fukia humo kidogo cha kinyesi chao ili wapatambue. Chota kinyesi kila siku; choo kikichafuka watakihama.

Kisha nenda kwa jirani, uende na habari ya choo hicho badala ya lawama, mgawane zamu ya kukisafisha. Mzungumze pia habari ya kuhasi na mumwone afisa mifugo wa kata. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au hata minne, na hubeba kwa wiki tisa tu, kwa hiyo sita hao wanaweza kuwa kumi na kitu kabla ya msimu ujao wa korosho. Kuhasi hakutawazuia waliopo kutafuta mchanga, basi wavu wako usiutoe siku ileile.