Re: Maji ya mto mlimani Kilimanjaro, naweza kunywa bila kuchemsha?

Salama mkuu? Umeuliza kama pale kambi ya Karanga unaweza kujaza chupa mtoni ukanywa hapo hapo kwa vile maji yanaonekana masafi na ni ya baridi. Usinywe, tafadhali. Cheki kwanza huko juu ya mto kuna nini, maana kambi na vyoo viko mlimani humo humo na vimelea vya kuharisha kama giardia huvioni hata maji yang'ae vipi. Sisi tunachemsha, na kule karibu mita 4,000 yanatokota kwenye nyuzi 87 hivi kwa hiyo yaache yatokote dakika 3 ndo uzime jiko. Vidonge vya klorini navyo vinasaidia ila subiri dakika 30, yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa. Halafu jaza ya kutosha, maana kambi inayofuata, inayoitwa Barafu, hakuna maji.