Maswali na majibu: Unapomshonea umpendaye

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu zawadi za mkono: nguo, kofia, hereni, vitu ambavyo mtu anavishona au kuvifuma akimfikiria mtu mmoja tu. Nimeyafupisha bila kugusa maana yake.

Nataka kumshonea mume wangu shati bila yeye kujua. Nitampimaje?

Usimpime yeye, pima shati lake. Chagua lile analolivaa mpaka kola imeanza kuchakaa, si lile zuri linalokaa kabatini, maana hilo lililochakaa ndilo ambalo mwili wake umelikubali. Lifunge vifungo, litandaze mezani, lilainishe kwa kiganja bila kulivuta. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha zidisha kwa mbili. Kipimo hicho tayari kina nafasi ya kupumua ndani yake. Hapo ndipo wengi hukosea: wanapima shati, halafu wanaongeza sentimita 10 kana kwamba wamepima mwili, na shati jipya linakuja kumning'inia. Pima pia bega hadi bega kwa mgongoni, urefu wa mkono kuanzia mshono wa bega, shingo kutoka kifungo cha kola hadi kitundu chake, na urefu wa mgongo kuanzia chini ya kola. Andika yote, lirudishe kabla hajalitafuta.

Kitambaa kikiwa cha pamba au kitani, kifue na ukikaushe kabla ya kukata, kwa namna ile ile shati litakavyokuwa likifuliwa nyumbani. Pamba isiyowahi kufuliwa inaweza kupungua kwa asilimia 5, na kwenye mzunguko wa sentimita 110 hizo ni zaidi ya sentimita 5. Shati lililomkaa vizuri siku ya kwanza litambana wiki inayofuata. Na kama kola hujawahi kuishona, jaribu kwanza kwa shuka kuukuu. Kola haina huruma, na ndiyo kitu cha kwanza macho yanachokutana nacho.

Nilimfumia mama mkwe sweta la sufu. Amelifua kwa mashine, limekuwa dogo na gumu. Linaokoka?

Halitarudi lilivyokuwa. Unywele wa sufu una magamba madogo sana juu yake. Maji, joto na msukosuko wa mashine huyafanya yanasane, nyuzi zikasogeleana na kujifunga, na zikishajifunga hazifumuki. Ikiwa vitanzi bado vinaonekana, bado pana matumaini kidogo. Liloweke nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu yenye kondishena ya nywele, libane ndani ya taulo bila kulisokota, kisha linyooshe taratibu juu ya taulo kavu na ulibane kwa pini mpaka likauke. Utapata sentimita chache. Ikiwa vitanzi vimepotea kabisa, sasa una kitambaa kizito kisichochanguka hata ukikikata kwa mkasi. Kata nyayo za kuweka ndani ya viatu vyake, au mfuko wa miwani, umrudishie.

Lakini mimi ningeanza na kumpigia simu. Huenda anaona haya kuliko unavyodhani, na pengine analificha sweta ukija kumtembelea. Mwambie hakuna aliyemweleza. Zawadi ya sufu iende na kikaratasi: ni uzi gani, inafuliwaje, inakaushwa ikiwa imelazwa. Weka na kipande cha uzi wa akiba wa kuzibia. Kwa mtu ambaye unajua kabisa hatafua kwa mkono, mfumie kwa pamba, kwa akriliki, au kwa sufu iliyotengenezwa mahsusi ivumilie mashine. Kuchagua uzi unaomfaa aliyepewa nako ni sehemu ya zawadi.

Rafiki yangu anatarajia mtoto. Kofia iwe na ukubwa gani?

Mtoto aliyezaliwa baada ya miezi kutimia huwa na kichwa chenye mzunguko wa karibu sentimita 35, na akifika mwaka mmoja ni kama 46. Ukubwa wa kuzaliwa waachie wengine, maana kila mtu humletea huo na mtoto huupita upesi. Fuma ya miezi sita, kichwa cha karibu sentimita 43, na kofia yenyewe iwe pungufu kwa sentimita 2 au 3 ili ishike bila kubana.

Kwenye usalama sina mzaha. Usiweke kamba ya kufunga shingoni. Kiwango cha Ulaya cha nguo za watoto, EN 14682, kinazikataza kamba za kichwani na shingoni kwa watoto wadogo, na sababu yake ni watoto walionyongwa nazo. Usiweke shanga wala vifungo vinavyoweza kung'oka, kwani vitaishia mdomoni. Ukifuma soksi, zigeuze nje ndani uone kama kuna uzi unaoning'inia, kwa sababu uzi mmoja unaweza kukizunguka kidole cha mguu na kukikata damu. Mwambie mama pia kofia ivuliwe mtoto anapolazwa ndani ya nyumba.

Sijawahi kushika sindano. Siku ya kuzaliwa ya kaka yangu ni baada ya wiki mbili.

Usianze na nguo. Nunua mkoba wa turubai au aproni isiyo na nakshi, kisha udarizi maneno machache juu yake. Tafuta barua au kikaratasi chenye mwandiko wa mtu anayempenda, kigandamize dirishani, ufuatishe mwandiko kwa kalamu inayofutika kwa maji, halafu upitishe uzi kwa mshono wa kurudi nyuma, ule ambao kila mara sindano inarudi mwisho wa mshono uliotangulia kabla ya kusonga mbele. Mshono huo unajifunza kwa jioni moja.

Skafu niliyomfumia dada yangu sijawahi kumwona nayo. Nimuulize?

Hapana. Umeshampa, ni yake, hata kama ameiweka droo ya chini. Badala yake chunguza yale anayoyavaa: rangi, uzito, urefu. Mara nyingi sababu ni ngozi. Nyuzi za sufu zenye unene unaozidi maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huchomachoma, ndiyo maana merino, sufu ya kondoo wa aina hiyo, ambayo kwa kawaida ni nyembamba zaidi, hupendwa kwa vitu vya shingoni. Safari nyingine kabla hujafuma, funga kipande cha uzi shingoni mwako siku nzima.

Hereni nilizomtengenezea rafiki zinamwasha.

Huenda ni nikeli iliyo kwenye kulabu. Zing'oe hizo tu, umwekee za titani, shanga zako zibaki.

Baba alifariki mwaka jana. Nina mashati yake manne na nataka kumtengenezea mama mto, lakini naogopa kukata.

Pole sana, ndugu yangu. Zawadi hii isiwe ya kushtukiza. Muulize mama kwanza, maana huenda lipo shati analotaka libaki zima, na huenda lipo ambalo hataki liguswe na maji. Harufu ya mtu ikishafuliwa hairudi.

Akikubali, anza na shati ambalo halina uzito sana moyoni. Kwa mto wa sentimita 40, utahitaji miraba miwili ya sentimita 42: mmoja kutoka mbele ya shati, mstari wa vifungo ukiwa katikati, na mwingine kutoka mgongoni. Vifungo hivyo ndivyo mlango wa mto, kwa hiyo zipu huhitaji. Vifunge, shona kushikiza pande mbili za mstari huo sehemu ya juu na ya chini, ndipo ukate. Mfuko wa kifuani uache ulipo. Pale kitambaa kilipolika, bandika kwa pasi kitambaa chembamba cha gundi upande wa ndani kabla ya kushona, la sivyo kitachanika mtu akiuegemea.

Mikono ya mashati usiitupe. Inatosha kwa mifuko midogo ya ndugu zako, kama nao watataka.