Muulize Fundi: Springi ya mlango wa gereji imelia kama bunduki, ni joto?

Swali: Shikamoo fundi. Juzi saa nane mchana, jua kali, tumekaa ndani tukasikia PAAA kwenye banda la gari, tukatoka mbio tukidhani tairi limepasuka. Hamna kitu, gari lipo, mlango umefungwa. Jioni nabonyeza rimoti, mota inanguruma, mlango unapanda kama upana wa kiganja halafu unagoma. Kuangalia juu, ile springi nene iliyolala juu ya mlango ina pengo la kama vidole vitatu. Mume wangu anasema joto ndio limeipasua maana mlango unaangalia jua la mchana. Ni kweli? Na tunaweza kuusaidia kwa mkono huku mota inavuta mpaka tupate nafasi ya kuita fundi?

Jibu: Marahaba mama. Nianze na hilo la mwisho maana ndilo lenye hatari: usibonyeze tena hiyo rimoti. Chomoa mota kwenye umeme kabisa, na watoto waambie pale hapachezewi.

Watu wengi wanadhani mota ndiyo inayobeba mlango. Wapi! Mlango wa magari mawili unaweza kuzidi kilo 80, na anayebeba karibu uzito wote huo ni springi, mota kazi yake ni kusukuma kidogo tu. Mlango unaposhuka springi inajikaza, unapopanda inaachia ile nguvu, ndiyo maana siku zote ulikuwa unauinua kwa mkono mmoja ukaona mwepesi. Sasa springi imekatika, huo wepesi umeondoka nao. Ukilazimisha, gia za mota zinasagika (nyingi ni za plastiki) au mlango unafika nusu unarudi chini wote kwa mpigo na wewe upo chini yake unasaidia.

Sasa hili la joto. Mwambie baba asilikasirikie jua sana. Waya wa springi huko kiwandani umeshapitishwa kwenye joto la mamia ya digrii, kwa hiyo banda likifika digrii 45 au hata 50 kwake ni kama hakuna kitu. Tena kwenye nchi za baridi springi zinakatika sana asubuhi za barafu, maana chuma kikipoa sana kinakuwa rahisi kuvunjika. Kinachoua springi ni hesabu. Springi ya kawaida inatengenezwa kwa raundi kama 10,000, na raundi moja ni kufungua na kufunga. Nyumba inayofungua mara 4 kwa siku, mwaka mmoja ni raundi 1,460, haifiki miaka saba imekwisha. Wale wenye vijana wanaoingia na kutoka mara 8, miaka mitatu na nusu tu. Halafu wengine wanaufanya ule ndio mlango wao wa kupita kwa miguu, kila anayekwenda kutupa taka anabonyeza rimoti, halafu wanashangaa.

Ila joto halina usafi wa asilimia mia, linaingia kwa mlango wa nyuma. Mafuta yanakuwa mepesi yanachuruzika, yanayobaki yanakauka na kushika vumbi, mizunguko ya springi inabaki mikavu inasagana yenyewe kwa yenyewe. Kama upo karibu na bahari ndio balaa, joto na unyevu wa chumvi vinaleta kutu haraka, na kutu inachimba vishimo vidogo vidogo kwenye waya. Ufa unaanzia hapo hapo kwenye kishimo. Ukiokota kipande cha springi iliyokatika kitazame pale kwenye mkato: mara nyingi utaona kidoa cheusi au cha rangi ya kutu pembeni na sehemu iliyobaki inang'aa. Kile kidoa ni ufa wa zamani ulioanza kimya kimya, ile inayong'aa ndiyo iliyokatika siku ya mlio.

Na kama mlango una springi mbili badilisheni zote mbili. Najua inauma kutoa nzima, lakini zimefungwa siku moja, zimefanya raundi sawa, hiyo nyingine nayo ipo njiani. Muulizeni fundi kama anazo za raundi 20,000 na kuendelea, waya wake mnene zaidi na springi ndefu, mlango unaotumika sana hizo ndizo zinafaa.

Swali: Fundi mambo. Mimi springi yangu pia imekatika, nimeangalia video mbili tatu naona ni nati nne tu na kuzungusha. Nina spana na bisibisi kubwa mbili za chuma kigumu. Nipe maelekezo tu nifanye mwenyewe wikiendi.

Jibu: Poa kaka, ila maelekezo sikupi. Hiyo bisibisi ndiyo iliyonifanya nijibu haraka. Springi ya juu ya mlango wa kimo cha mita 2.1 inakazwa kwa kuizungusha mara kama saba na nusu, na nguvu yote hiyo unaishikilia wewe kwa kutumia fito maalum mbili za chuma zinazoingia kwenye tundu za kichwa cha springi mpaka mwisho, bila kucheza. Bisibisi haijai kwenye tundu, ikiteleza inarushwa. Nilipokuwa najifunza kazi, mwenzangu mmoja aliteleza hivyo hivyo, bisibisi ikapita karibu na sikio lake ikaenda kujikita kwenye dari, na ilikaa pale siku nyingi hakuna aliyetaka kuichomoa. Wengine ni vidole na meno.

Video hazikuonyeshi pia kwamba springi zina upande, kuna ya kushoto na ya kulia, na lazima ipimwe unene wa waya, upana wa ndani na urefu. Ukikosea hata nusu milimita ya unene wa waya mlango unakuwa mzito au unaruka juu wenyewe.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni kuangalia tu. Zile bati za chini kwenye kona za mlango, ambapo waya wa chuma umefungwa, mara nyingi boliti zake zimepakwa rangi nyekundu, usiziguse kabisa hata kama zimelegea, waya ule una nguvu ya springi nzima. Na kama springi zako ni zile ndefu za kuvutika zinazokaa pembeni sambamba na reli, angalia kama katikati yake kuna kamba ya chuma imepita. Kama haipo mwambie fundi aiweke, maana springi ya namna hiyo ikikatika bila kamba inaruka kama manati, nimeona iliyotoboa kioo cha gari.

Swali: Habari za kazi. Mlango wangu mzima ila mchana unasumbua, unashuka nusu halafu unarudi juu, jioni uko sawa kabisa. Je ni springi inataka kufa? Na nipake mafuta gani, jirani anapaka oili ya gari kila kitu.

Jibu: Salama dada. Hiyo ya mchana tu siyo springi, ni macho. Zile sensa mbili ndogo zilizo chini pembeni ya mlango, kama sentimita 15 kutoka sakafuni, jua likipiga moja kwa moja kwenye jicho linalopokea linapofuka, mlango unadhani kuna mtu amekatiza. Zifute vumbi, kisha zibadilishane pande ili linalopokea likae kivulini, au livalishe kikofia cha bomba la plastiki. Usizizibe wala kuzifunga pamoja juu ya mota kama nilivyoona kwa watu, zile ndizo zinaokoa watoto.

Oili ya gari hapana, inashika vumbi mpaka inakuwa uji. Na ile spreyi ya kulegeza nati zenye kutu inasafisha tu, ikikauka hamna cha maana kilichobaki. Tafuta spreyi ya grisi nyeupe ya lithiamu au ya silikoni, pulizia springi ukiwa umesimama pembeni na mlango umefungwa, kwenye bawaba, na beringi za rola. Reli usipake, ifute tu kwa kitambaa. Kwenye joto na vumbi fanya kila miezi mitatu, pwani hata kila mwezi ukiona kutu inaanza.

Siku hiyo hiyo pima usawa. Funga mlango, vuta kamba nyekundu kuutenganisha na mota, uinue kwa mkono hadi kiunoni uachie taratibu mikono ikiwa tayari. Ukitulia hapo, springi nzima. Ukishuka, zimeanza kuchoka, ita fundi kabla ya PAAA.

Swali: Umeme ukikatika naweza kuvuta hiyo kamba nyekundu mlango ukiwa wazi?

Jibu: Kama springi ni nzima na unaushika mlango kwa mkono mwingine, sawa, lakini mimi ningesubiri. Kama una wasiwasi wowote na springi usiivute mlango ukiwa juu, kilichokuwa kinauzuia kuanguka inawezekana ni mota peke yake.