Paini yenye mafundo inatoa gita?

SWALI: Fundi, nina shingo ya gita bovu na mbao za paini zilizobaki kwenye kenchi, zina mafundo na ufa. Nataka nichonge gita la jazi, lile la kifua kilichobinuka. Napoteza muda?

JIBU: Hupotezi kaka. Bob Benedetto, fundi wa magita wa Marekani, alishachonga la hivyohivyo kwa paini ya mafundo. Ila ufa usiuachie, penyeza gundi ubane na klampu mpaka kesho, halafu kwa ndani bandika viraka vyembamba vya mbao, nyuzi za mbao zikatishe ufa. Fundo lisikae chini ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi za gita. Na shingo ikague kwa rula kwanza, mimi nilibandika iliyopinda, kazi ya wiki mbili ikaishia jikoni kwa mama watoto.