Kikapu cha Pasaka hujazwa tangu Kwaresima

MUULIZE BIBI
Barua zenu, majibu kutoka Iringa

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Uyole, Mbeya. Wifi yangu aliye Marekani ametutumia sanduku: vikapu vitatu vya rangi rangi, majani ya plastiki, na mayai ya plastiki yanayofunguka. Akapiga simu akawaambia watoto kwamba huko, asubuhi ya Pasaka, kila mtoto anakuta kikapu kimejaa pipi na zawadi, na aliyeleta ni sungura. Tangu siku hiyo wanangu (wa miaka 9, 6 na 3) hawana wimbo mwingine. Sasa Pasaka tunakwenda Tukuyu kwa mama mkwe. Huko kutakuwa na watoto wengine kumi wa ndugu zetu ambao hawakutumiwa chochote. Tena mama mkwe ni Mmoraviani wa siku nyingi, na ameshasema hataki kuona mambo ya kizungu ya sungura nyumbani kwake siku ya Bwana. Nina shilingi elfu thelathini tu za shughuli hiyo. Nijaze nini, na nimwambieje mama? Ndaga fijo.*
*Mama wa Watatu, Uyole*

Marahaba mwanangu, kamwene. Nianze na mama mkwe, maana ukikosana naye hakuna kikapu kitakachonoga.

Mama ana neno la kusikilizwa. Asubuhi ya Pasaka mtoto aamke na habari ya Bwana aliyefufuka, habari ya sungura haina nafasi hapo. Lakini yai si geni katika imani yetu, na hilo umweleze taratibu, mkiwa wawili jikoni mnamenya ndizi, si mbele ya watu. Zamani Wakristo wa Ulaya walifunga Kwaresima nzima bila nyama na bila mayai. Kuku waliendelea kutaga, mayai yakalundikana, na Pasaka ilipofika yakachemshwa, yakapakwa rangi, yakagawiwa. Wakristo wa Mashariki, Wagiriki na wenzao, huyapaka nyekundu kwa kukumbuka damu ya Kristo. Huko Poland familia hubeba kikapu kanisani Jumamosi Kuu, ndani mna mayai, mkate, chumvi na soseji. Padre anakibariki, kinaliwa asubuhi ya Pasaka. Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku 55 bila nyama, maziwa wala mayai, na siku ya kufungua unakuta mezani doro wat, mchuzi wa kuku wenye mayai ya kuchemsha ndani yake.

Sungura ana habari yake. Ni wa Wajerumani, kwao aliandikwa tangu mwaka 1682, na waliohamia Pennsylvania, Marekani, katika karne ya 18 wakaenda naye. Watoto wao walitengeneza viota kwa kofia zao ili sungura aweke mayai humo, na viota hivyo ndivyo vilivyokuja kuwa vikapu. Hapa nasimama na mama mkwe wako. Mwache sungura kwenye hadithi zetu za jioni, anakomlaghai fisi. Watoto waambie ukweli: hiki kimetoka kwa shangazi yenu, kwa mama yenu na kwa bibi yenu. Mtoto ajue mkono uliompa, apate wa kumshukuru.

Halafu mkumbushe mama, kwa heshima, ile ibada ya alfajiri anayoipenda. Wamoraviani wanaamka giza bado halijaondoka, wanakwenda makaburini kuimba ufufuko jua likichomoza. Walioianza ni vijana wa kiume wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Misheni yao ya Rungwe, karibu na Tukuyu, ilifunguliwa 1891, na leo ukimwambia mtu wa Tukuyu kwamba ibada ile ni ya Wajerumani atakushangaa, maana waliolala kwenye makaburi yale ni babu na bibi zake mwenyewe. Mwambie mama kwamba kikapu nacho kitasubiri ibada hiyo imalizike. Hakuna mtoto atakayegusa yai kabla ya kurudi kutoka makaburini. Nadhani hapo atakuelewa.

Sasa kujaza. Mwanangu, usikimbilie dukani na hizo elfu thelathini. Yai lilipendwa siku ya Pasaka kwa sababu watu walikaa wiki nyingi bila kulionja. Ukimjazia pipi mtoto ambaye jana amekula pipi na juzi amekula pipi, umempa nini? Kikapu kijazwe na kile ambacho nyumba imejinyima. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari na Pasaka ni tarehe 5 Aprili, kwa hiyo bado mnazo siku za kutosha. Leo usiku kaa na watoto, kila mmoja ataje anachoacha mpaka Pasaka: soda, ubuyu wa dukani, sukari kwenye chai. Fedha ambayo ingenunua kitu hicho iingie kwenye kopo, kopo likae juu ya kabati wanapoliona. Huyo wa miaka mitatu hafungi, yeye kazi yake ni kutumbukiza sarafu. Kwangu tunaacha mayai na sukari ya chai, na wajukuu zangu wanasubiri yai la Pasaka kwa hamu ambayo pipi ya kila siku haiwezi kuileta. Jumamosi Kuu mnafungua kopo pamoja, mnakwenda sokoni pamoja, na watoto wenyewe wanachagua cha kuwapelekea wenzao.

Mtakuwa na watoto 13. Trei moja ya mayai 30 inawapa mawili mawili, manne yanabaki kwa wazee. Ongeza karanga za kukaanga, kashata, na mapera, ambayo msimu wake ndio huu. Kama kopo limeshiba, nunua soksi nzito, kila mtoto jozi moja. Watu wanawaza pipi, lakini baridi ya Juni inakuja, na Tukuyu mnaijua. Penseli za rangi pia ni kitu kizuri, zinadumu. Ila wale walio chini ya miaka minne wasipewe karanga nzima wala pipi ngumu, zinawapalia; wao wape ndizi mbivu na yai lililokatwa.

Rangi utaipata jikoni. Anza leo kuweka akiba ya maganda makavu ya vitunguu, na muuza vitunguu sokoni atakupa mfuko mzima bure. Maganda ya vitunguu kama kumi na viwili kwa lita moja ya maji, chemsha nusu saa, chuja, tia siki vijiko viwili vya chakula, acha ipoe. Panga mayai humo yasigongane, bandika motoni upya. Vitabu vingi vya mapishi vimeandikiwa watu wa pwani: huku juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu badala ya 100, kwa hiyo yai la kuiva sawasawa lipe dakika 13 hadi 15. Likae kwenye rangi mpaka lipoe. Utapata wekundu wa udongo wa kwetu, na yai la ganda la kahawia hushika rangi hii vizuri kuliko nyingine zote. Ukitaka maua, bandika jani la giligilani juu ya yai, livike kipande cha soksi nyembamba ya nailoni, funga fundo, ndipo uchemshe; jani likitoka, picha yake inabaki. Manjano hutoa njano, kabichi nyekundu hutoa buluu, lakini kwa rangi hizo mbili tafuta mayai meupe. Mwisho paka mafuta kidogo ya kupikia, yang'ae.

Wa miaka 9 atataka kuandika majina. Hapo njia inabadilika: chemsha mayai kwanza kwa maji matupu, yapoe kabisa, aandike kwa ncha ya mshumaa mweupe, kisha yazamishwe kwenye rangi iliyopoa kwa saa moja au mbili. Palipopita mshumaa hapashiki rangi. Ukilichemsha yai likiwa na maandishi hayo nta itayeyuka na jina litapotea. Na yai la kuchemsha halikai: kama kwa mama hakuna friji, yachemsheni alfajiri ile ile ya Jumapili na yaishe siku hiyo.

Kuhusu vile vikapu vitatu, nakuomba visiwe vya wanao. Vifanye vya kutafutia mayai. Gawa watoto makundi matatu, wanne, wanne na watano, kila kundi liwe na mtoto wako mmoja na mkubwa mmoja wa kushika mkono wadogo. Mayai ya plastiki tia ndani vipande vya karatasi vyenye habari ya Pasaka, hatua moja kila yai: Matawi, karamu, msalaba, jiwe limeviringishwa, wanawake kaburini. Yaficheni barazani, chini ya viti, nyuma ya mapipa ya mahindi, kwani mvua ya Aprili ya Tukuyu haiahidi mtu. Na mwambieni kila mtoto kiota cha kuku anayeatamia hakiguswi. Vikapu vikijaa, vyote vimwagwe kwenye ungo mmoja mbele ya bibi yao. Watoto wazipange karatasi kwa mfuatano, wasome kwa sauti, naye ndiye agawe mayai, karanga na soksi kwa mkono wake, mtoto mmoja mmoja, akianza na mdogo. Wifi yako mpigie simu wakati huo huo asikie makelele yao, kwa sababu naye alituma sanduku kwa mapenzi.

Mwakani ukipita Iringa nunua kikapu kimoja cha milulu, yale majani ya kusukia, kilichosukwa na akina mama wa huku. Kile cha plastiki hakitamaliza Pasaka nyingi, lakini cha milulu wanao watakirithi. Na kopo uanze nalo mapema, maana mwaka 2027 Pasaka inarudi nyuma hadi tarehe 28 Machi.

*Bibi, shikamoo. Mke wangu ni muuguzi, na mwaka huu amepangiwa zamu Jumapili ya Pasaka kutwa nzima. Binti yetu ana miaka 7, anataka yai la chokoleti aliloliona kwenye televisheni. Hapa kwetu sijaliona, na sijui nifanye nini mama yake asipokuwepo.*
*Baba Mtu, Makambako*

Marahaba baba. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu ya taifa, nanyi fanyeni siku hiyo kuwa ya nyumbani kwenu. Wala hamjachelewa: kanisa huhesabu siku 50 za Pasaka mpaka Pentekoste. Jumapili nendeni ibadani wawili, mkitoka mpelekeeni mama chakula cha moto kazini, binti akibebe yeye.

Yai la chokoleti lisikusumbue. Ni kitu cha viwanda vya Ulaya. Kampuni ya Fry ya Bristol ilitoa la kwanza Uingereza mwaka 1873, Cadbury wakafuata 1875. Kinacholitengeneza, kakao, kinalimwa Kyela, na Kyela ndiyo inayoongoza kwa kakao Tanzania. Muombe mtu anayekuja kutoka huko akuletee tunda moja bichi. Lipasue mezani, binti aonje ule ute mtamu unaozunguka mbegu, aone chokoleti inakotoka. Kisha nunua bamba moja la chokoleti, livunje kwenye bakuli, liweke juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, koroga mpaka liyeyuke. Tia karanga zilizokaangwa na kumenywa, chota kwa kijiko, dondosha juu ya karatasi ya kuokea. Kwa baridi ya Makambako zitaganda zenyewe bila friji. Binti achague zilizo nzuri zaidi, amwekee mama yake mpaka Jumatatu. Atajivunia hizo kuliko yai lolote la kwenye televisheni.

*Bibi, majirani zetu hapa Mafinga ni Waislamu, na watoto wao wanashinda kwangu. Wao hutuletea pilau kila Iddi. Je, nikiwapa vikapu vya Pasaka nitawakwaza?*
*Jirani, Mafinga*

Mwanangu, umeuliza vizuri, lakini wa kuulizwa kwanza ni mama yao. Nenda kwake kabla ya sikukuu, mwambie unachotaka kuwapa watoto na uulize kama kuna kitu angependa usiweke. Mayai, mapera, karanga na kashata kwa kawaida havina shida. Angalia zaidi zile pipi laini za kutafuna: nyingi zina jelatini, na jelatini nyingine hutokana na nguruwe. Soma pakiti, na kama haikutaja chanzo chake, iache dukani. Mayai yao yachemshe kwenye sufuria ambayo haijapikiwa kitimoto. Siku yenyewe usiwape watoto uani. Beba kikapu mwenyewe, mkabidhi mama yao mlangoni, yeye ndiye awagawie.